Unga Wangu Umepita Delhi

Shikamoo mama. Natumaini baridi ya Vugiri imepungua, maana huku jua linachoma kama pasi.

Unga wangu wa tumbo umepita! Ulipouhamisha kutoka kwenye kopo lake zito ukaufunga kwenye mifuko ya nailoni, kama unga wa muhogo wa kupeleka ugenini, hatukufikiria watu wa uwanja wa ndege watauonaje. Ofisa wa forodha aliipanga mifuko mezani. "Hiki nini, binti?" Unga ungechukuliwa, tumbo hili lisingenifikisha mwisho wa mafunzo ya makarani yaliyonileta huku.

Nikasema ni kirutubisho, nina ugonjwa wa utumbo. Hakuamini. Akaletwa mbwa, akanusa, akageuka zake. Ofisa bado akakunja uso. Basi nikafanya kama ufanyavyo wewe kwa wageni: nikaomba maji, nikakoroga, nikanywa kwanza mimi mbele yake, kisha nikamsogezea kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee. Kwetu mwenyeji huonja kwanza."

Alionja tone moja, akafumba macho. "Unakunywa hii kila siku?"

"Asubuhi na jioni."

"Pole sana! Chukua unga wako, uende."

Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka kuliko wote, mimi ninayetetemeka hata kumsalimia bosi wangu wa ofisi ya Korogwe!

Mwambie baba apunguze dua za huzuni. Leo nimekula wali na dengu mbele za watu, nikaongeza, na tumbo limetulia. Mungu akutunze, mama yangu.

Mwanao, Neema