Afande Aliyemtaja Odero

Euca, uko? Nimetoka kwa shangazi Wilkista sasa hivi, hapa Walukuba. Sijalia. Nimekufa ganzi tu.

Baba alikufa. Shangazi amejua tangu mwaka wa sabini na tano.

Si unajua alikuwa nesi Jinja enzi za serikali ya wanajeshi? Siku moja akaletewa afande aliyekosa usingizi, arekodiwe na mashine akiwa amelala. Kazi ya shangazi ilikuwa kumbandika nyaya kichwani na kuhakikisha kila waya umeshika ngozi. Mmoja ukakataa. Akawa anasugua ngozi kwa spiriti, afande anapiga stori.

"Sista, wa wapi?"

"Walukuba, afande."

"Walukuba tulichukua Mluo moja, fundi wa kiwanda, Odero. Alikuwa anaomba maji tu, mpaka akakufa."

Odero, Euca. Kaka yake. Baba yangu! Anaomba maji tu.

Shangazi hakuinua hata macho. Alisugua tena, akabandika, akatazama mshale wa mashine.

"Imeshika?"

"Imeshika. Usitikise kichwa, afande."

Na akalala, Euca. Afande alilala fofofo, shangazi amekaa pale anamlinda.

Nikamuuliza mbona alinyamaza. "Mama yako alikuwa na mimba yako," akasema, huku anamenya matoke. "Baadaye nikakosa pa kuanzia."

Mama yuko Mbale, mpaka leo anawaambia watu mume wake alivukia Kenya. Amenipigia sasa hivi. Anauliza kama nimekula.

Nimemwambia nimekula.