Neno la Siri la Nyumba ya Kelera

Jumapili, baada ya ibada ya mchana

Isikeli mwanangu,

Huna akili. Nakuambia mapema, usije ukasoma salamu zangu ukadhani nimefurahi. Mtu mzima, fundi wa watu huko Brisbane, una watoto wanaokuita baba, halafu unampa mama yako mjane ushauri kama ule. Eti, mama, chagua neno la kitu ambacho hakuna mtu anayekijua. Katika kijiji hiki, ambako ukipiga chafya jikoni unaombewa afya kutoka ng'ambo ya mto. Ungefikiri kwanza.

Haya, hujambo? Mkeo hajambo, na watoto? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila goti linaniuma mvua ikikaribia, na mvua inakaribia kila siku. Mihogo imekubali. Kaburi la baba yako nimelipaka chokaa upya. Barua hii anakuletea Unaisi, mke wa binamu yako, anapanda ndege Jumanne. Usimuulize kitu, hajui kilichomo, bahasha nimeishona kwa uzi. Na usinipigie simu. Haya si maneno ya kusemwa kwenye simu wakati nusu ya kijiji imekaa kwenye ngazi zangu.

Sasa sikiliza. Kile kisanduku cha waifai ulichonifungia Krismasi nilikipenda, sikatai. Lakini umekaa na wazungu mpaka umesahau kwenu: ndugu akiomba, hunyimi. Alikuja Vani, watoto wake wana kazi za shule, nikampa neno la siri. Akaja mwalimu wa kwaya, nikampa. Wakaja waliotumwa na Vani, na waliotumwa na waliotumwa. Ilipofika Februari vijana walikuwa wamelala chini ya mshelisheli wangu tangu asubuhi kama nguruwe waliovimbiwa, na mimi nikikupigia Jumapili nakuona umeganda, mdomo wazi. Siku mjukuu wangu alipotembea mara ya kwanza ulinishikia simu nitazame. Nilimwona amesimama. Kisha nikamwona amekaa. Kutembea kwenyewe kuliliwa na watu waliokuwa wakitazama raga chini ya mti wangu.

Niliumia, Isikeli. Nina miaka sabini na miwili na huyo mtoto sijamshika. Nikasema basi. Mila inanikataza kumnyima anayeomba, lakini hakuna mila inayonikataza kubadilisha kufuli.

Ulinionyesha mara moja tu, tena upesi upesi kama mtu anayekimbia deni, lakini nilikumbuka. Usidhani kwa kuwa niliishia darasa la nne kichwa changu ni kifuu. Nilivaa miwani, nikakipindua kisanduku, nikasoma zile namba zilizobandikwa tumboni mwake, nikaziandika kwenye simu juu kabisa pale unapoandika anwani. Ukafunguka ukurasa ukaniuliza mimi ni nani. Nikaandika jina la mwenye kisanduku na neno lake kama yalivyo kwenye ile karatasi. Nikaenda kwenye mipangilio, nikapata jina la waifai yetu, chini yake neno la siri. Nikalifuta. Nikaandika Taniela. Kikaniambia neno langu ni dhaifu. Mimi, niliyezaa sita bila mkunga. Kinataka herufi nane au zaidi, iwemo kubwa, iwemo na tarakimu. Nikamwongezea baba yako mwaka wake wa kuzaliwa, nikabonyeza Hifadhi. Papo hapo simu yangu yenyewe ikatolewa nje, nikawa nabisha hodi kwenye nyumba yangu, mpaka nilipoandika neno jipya ndipo nikaruhusiwa.

Nilitembea kifua mbele asubuhi nzima. Saa sita mchana vijana wamerudi chini ya mti, wanacheka. Nimetoka na ufagio kuwauliza wameingilia wapi, mmoja akanyoosha mkono kuelekea kaburi. Jina la baba yako na mwaka wake, kwenye saruji, hatua kumi kutoka mlangoni. Na chokaa nimepaka mwenyewe.

Nikabadilisha tena, nikaweka jina la wimbo ninaoupenda na namba yake kitabuni. Chai haijapoa, mwalimu wa kwaya ananipungia mkono kutoka barabarani kwa adabu zote, simu kiganjani. Wimbo ule naudai kila Jumapili kwa miaka thelathini. Hata mbwa wa mchungaji anaijua namba.

Ndipo wewe ukanipa ule ushauri wako. Nikakaa nikahesabu wasichokijua juu yangu. Kidole changu cha mguu kilichokatwa, wanakijua. Niliyemkataa kabla ya baba yako, wanamjua, na mkewe ananijua. Nilipekua maisha yangu yote kama sanduku la nguo, chini kabisa nikapata kimoja tu. Kimoja. Nikaliandika neno lile, nikaongeza na mwaka. Kisanduku kikaniambia neno hili ni imara. Kilijuaje?

Wiki mbili za raha. Walijaribu majina ya mama yangu, ya dada zangu, ya kuku. Mti ukabaki mtupu. Mjukuu wangu akatembea kutoka kwenye kochi mpaka kwa mama yake nami nikamwona mpaka mwisho, akaanguka, nikacheka peke yangu.

Alhamisi wakaja wazee sita. Mbele Osea, msemaji wa chifu, kifuani amekumbatia mizizi ya kinywaji cha kava iliyofungwa vizuri, kama mtu mwenye ombi. Nikawatandikia mkeka. Osea akaanza yale maneno yake marefu, anaisifu nyumba hii, anausifu ukoo, anamsifu marehemu. Mimi nikajua ni mambo ya paa la kanisa, wanataka akina mama tusuke makuti. Na unanijua sina subira. Kabla hajafika mwisho nikanyoosha mkono nikaigusa mizizi, nikapiga makofi. Nimepokea. Ukishapokea umekubali, huna pa kurudi, hata mtoto anajua.

Ndipo akamalizia. Vilikesa wetu, mtoto wa kijiji hiki, Jumamosi anaivaa jezi ya taifa ya raga kwa mara ya kwanza. Mnara wa televisheni ulilala kwenye kimbunga na haujainuliwa. Kijiji kizima kinaomba kumtazama ukumbini kwa waifai ya Kelera. Wanaomba neno la siri, na wanaomba nilitamke mwenyewe, pale, mbele ya wazee. Akatoa penseli.

Nikatazama mlangoni. Pale chini, karibu na viatu, alikuwa ameketi Filimoni, mahali anapoketi siku zote. Unamjua Filimoni. Baba yake alikuwa msemaji wa chifu, na yeye ndiye aliyekuwa arithi usemaji. Lakini mwaka wa tisini na tatu alipokufa chifu mzee, Filimoni aliahidi nguruwe wake mkubwa kwa ajili ya msiba, na siku ilipofika akaja mikono mitupu, akasema nguruwe ametoweka. Nani angeamini? Wakasema kamla kwa siri na walevi wenzake. Usemaji akapewa Osea. Filimoni akapewa jina, Mla Msiba, na watoto wakamtungia wimbo. Wewe ulikuwa na miaka saba, ukimfuata barabarani ukiuimba. Nilikusikia kutoka jikoni, nikaendelea kukoroga chungu.

Nikawaambia wazee wanisubiri nichukue miwani. Nikaingia chumbani, simu mfukoni. Vidole vyangu sasa vinaijua ile njia. Nikafungua ukurasa, nikalifuta lile neno, nikaandika Yesu Anaweza, na tarakimu juu yake, nipeleke nje neno safi la kikristo. Lilikuwa la kutosha, kisanduku hakikulalamika. Kidole kikafika juu ya Hifadhi kikakataa kushuka. Wameniomba kilichomo ndani ya nyumba yangu, nimepokea mizizi yao, halafu niwape nilichookota sasa hivi? Huko ni kula nyama ukampa mgeni maji ya kuoshea sufuria. Na namsikia Filimoni kule nje anakohoa. Nikaufunga ukurasa bila kuhifadhi.

Nikarudi nikaketi. Nikamwambia, "Osea, andika. Ya kwanza iwe herufi kubwa. Nilimla mimi nguruwe wa Filimoni. Kisha moja, tisa, tisa, tatu. Andika yote pamoja, usiache nafasi."

Osea aliandika mpaka katikati, penseli ikasimama.

Sasa nawe ujue, maana hata baba yako alikufa hajui. Wiki ile yeye alikuwa kwenye kiwanda cha sukari. Yule nguruwe alikuwa amevunja uzio wangu mara mbili, na nilikuwa nimemwambia Litiana, mke wa Filimoni, mbele ya wanawake wote mtoni, akirudi tena namuua. Akarudi. Nikamkuta katikati ya viazi vikuu vyangu, nikamrushia mtaimbo, wala sikulenga, nilirusha kwa hasira. Akaanguka papo hapo. Ningekwenda kwa Litiana ningesema. Lakini nilikuwa nimeapa mbele za watu, nani angeniamini kuwa sikukusudia? Na kumwomba msamaha Litiana, mimi? Bora ningemeza mtaimbo.

Kichwa na ngozi nikavizika chini ya mihogo. Nyama nikaichoma kwenye tanuri la ardhini, nikaipanga kwenye vikapu, nikaipeleka msibani nikasema wameniletea kaka zangu wa ng'ambo. Ndiyo, Isikeli. Nguruwe wa Filimoni alifika kwenye msiba wa chifu siku ile ile aliyoahidiwa, ila aliingia kwa mlango wangu. Watu wamenisifu mpaka majuzi, Kelera aliyeleta nguruwe mzima mumewe akiwa mbali. Na wewe ulikula, ulishika mguu kwa mikono miwili. Na Filimoni alikula.

Basi turudi Alhamisi, pale mkekani. Filimoni akanigeukia. Akaniuliza, "Shemeji, yule wa msibani alikuwa ndiye?"

Nikamwambia ndiye.

"Alikuwa mtamu," akasema.

"Uliniambia siku ile ile. Uliongezewa mara mbili."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na wazee wakaona wamepata ruhusa, wakacheka nao, Osea mpaka akaangusha penseli. Nami nikaanza kutabasamu kama mjinga, nikidhani yamekwisha. Filimoni akajifuta macho, akaendelea kujifuta, kisha nikaona si ya kucheka tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Litiana alikufa akiniamini nusu. Hiyo nusu nyingine, Kelera, nitaipata wapi?"

Nikaokota penseli ya Osea, nikamrudishia.

Akainuka akavaa viatu akaenda zake. Jumamosi ukumbi ulijaa, Vilikesa alicheza vizuri, walishinda, usiniulize kwa ngapi. Filimoni hakuja. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na aibu ninayo, watoto wananiimbia ule wimbo wameweka jina langu, na wamepatia mizani. Sijawakemea. Ila nakwambia wewe kwa mwandiko wangu mwenyewe: nilimwacha mtu aitwe Mla Msiba miaka thelathini na ushei ili niendelee kusifiwa kwa nyama yake. Unikasirikie ukitaka. Hasira zako zisizidi siku tatu, maana nina kazi nawe.

Nisalimie mkeo, mwambie ile krimu ya goti haifai, inanuka tu. Wabusu watoto. Vani anakusalimu, na mwalimu wa kwaya anakusalimu, yuko hapa kwenye ngazi.

Sasa fanya hivi. Omba ruhusa kazini uje kabla ya Pasaka. Kwa kuwa baba yako hayupo, wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii, wewe ndiye utakayepeleka msamaha. Tafuta jino la nyangumi la kuombea msamaha, zuri, lenye rangi ya chai, usiniletee kile kijino cha mjomba wako kilichopasuka. Nguruwe mnunue ukishuka bandarini, awe hai, awe mkubwa kuliko yule, mimi nitakuonyesha kwa mikono alikuwa wa ukubwa gani. Umburute mwenyewe mpaka kwa Filimoni, mchana watu wakiwa barabarani, nami nitakuwa nyuma yako. Mbele yake na mbele ya chifu ulitaje jina langu, Kelera, usiseme mambo ya zamani, usiseme bahati mbaya. Kisha umwambie chifu, kwa kinywa chako kilichouimba ule wimbo, kwamba usemaji ulikuwa wa nani.

Na neno la siri nimekataza mtu kuligusa. Kila anayetaka waifai ya nyumba hii, awe mchungaji, awe mtoto wa shule, ataandika kwa kidole chake ni nani aliyemla yule nguruwe. Nawe ukifika, kabla hujanisalimu, simama hapo nje utoe simu yako, uliandike lote.

Mama yako,
Kelera