Theluji Haikutupangisha Nyumba Hii

Oamaru, mwishoni mwa Julai

Kwako Dada Kalolaine,

Pokea salamu za nyumba nzima. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua imo kwenye boksi linalokuja na meli, na asiigawe yote kwa majirani. Mimi na mke wangu Pesi tunakwenda kazini machinjioni kama kawaida. Mwanetu Lupe hajambo sasa. Nasema sasa kwa sababu najua ndilo lililokufanya uifungue barua hii upesi.

Uliyoyasikia ni kweli. Theluji imeshuka mpaka bandarini. Jirani yetu Bibi Agnes, aliyezaliwa mtaa huu huu, anasema tangu usichana wake hajaiona ikilala juu ya mchanga wa pwani. Umeme ulikatika, mabomba yakaganda, shule ikafungwa. Tulibeba maji kwa ndoo kutoka kanisani, na Pesi akapika barazani kwa jiko la gesi, amevaa koti langu juu ya lake. Hayo yalivumilika. Watoto wetu wa Kitonga, watu wa visiwa vya joto, waliteleza mteremkoni wamekalia mabeseni ya kufulia, na Lupe, kwa miaka yake sita, ndiye aliyekuwa kinara wao.

Kifua kilimbana tulipomrudisha ndani. Ulipopiga simu ulisema, "Mlete huyo mtoto kabla hamjamzika kwenye barafu." Nikaitikia kwamba nitampandisha ndege Jumamosi. Wewe ni shangazi yake, na kwetu shangazi akimtaka mtoto, baba hana mdomo.

Lakini dada, mtoto huyu alicheka nje, akakohoa ndani. Nesi alipokuja, alipitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda, kikatoka kimelowa. Alisema dawa peke yake haitamsaidia; tumsogeze mbali na ukuta ule na tuzibe upepo unaopenya kwenye mbao. Nikampigia mwenye nyumba, Bwana Kerr. Akanijibu kwa upole kabisa: "Taniela, rafiki yangu, nyie watu wa visiwani hamjazoea baridi. Mvalishe sweta nyingine."

Nikamwambia sweta ninazo, nilichopanga kwake ni nyumba. Akasema mwaka huu hali ya hewa si ya kawaida. Kila mtu anaisingizia theluji. Hata mchungaji wetu aliomba iondolewe, na tulipotoka nikamshauri amwombee Bwana Kerr kwanza. Ukuta ule ulikuwa na ukungu mweusi tangu Februari, wakati tunatembea vifua wazi. Nyumba ya Bibi Agnes imepigwa na theluji hiyo hiyo, na paka wake analala chali. Theluji haikutupangisha nyumba hii. Nimemshtaki Bwana Kerr kwenye baraza la wapangaji na kesi ni mwezi ujao. Nikimrudisha Lupe, atasema tatizo limeshaondoka na ndege.

Sasa nikueleze jambo ambalo Pesi alinisihi nisiliandike. Ile ngatu kubwa, nguo ya magome uliyokaa msimu mzima na wenzako mkiiponda, ukatukabidhi tuitunze kwa ajili ya mazishi ya Mama, nimeikata. Mablanketi yote yalikuwa yamelowa, nayo ilikuwa imekunjwa chini ya godoro letu, kavu. Kipande kimoja nimekiweka dirishani, kingine sakafuni, vilivyobaki ukutani, tabaka juu ya tabaka. Pesi alinishikia taa huku analia. Lupe alivitazama, akasema, "Baba, shangazi atatuua." Kisha akajigeuza, akalala mpaka asubuhi bila kukohoa.

Sikukuomba ruhusa, kwa kuwa ungekataa na mimi ningetii. Kitambaa kinachomngoja Mama, ambaye bado anagombana na kuku, hakiwezi kumzidi haki mtoto anayekosa pumzi leo. Unaweza kunisema mbele ya ukoo mzima. Cheo hicho unacho. Lakini vile vipande sikuvifunga kwa kamba, nimevigongomea misumari. Kwa hiyo Jumamosi msiende uwanja wa ndege. Lupe haji.

Mama msomee barua yote, hata hapo kwenye mazishi yake. Nadhani atacheka. Pesi anakusalimu, ila anaogopa kushika simu yako. Mimi nitaishika.

Mdogo wako,
Taniela