Ile Rekodi ya Mazishi ya Baba

Chumba cha uani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo je, bado unakusumbua kwa kuinua wagonjwa? Mama ameniambia umebadilishiwa zamu, siku hizi unalala mchana kama popo. Ukipata nafasi ya kulala, lala kweli, usilale na simu mkononi ukisubiri habari zetu.

Sisi tunaendelea. Mama ni mzima, anakula kidogo lakini anakula. Mwanangu ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila anayembeba, hata jirani aliyekuja kutoa pole hakusalimika. Mke wangu ni mzima. Mimi nami ni mzima wa mwili, ya moyoni ndiyo haya nayaandika.

Dada, najua unachokisubiri. Umeniomba ile rekodi ya wasifu wa Baba mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa utani, mara ya tatu hukutania tena. Nami nikawa na majibu tele: simu imejaa, mtandao mbovu, fundi anaisafisha sauti. Uongo mtupu. Rekodi ninayo tangu siku ile ile, na ni nzima. Nilikuwa nakupiga chenga kwa aibu. Afadhali uisikie kwangu kuliko kwa Shangazi, maana Shangazi unamjua, habari ikipita kwake inatoka imenenepa. Na nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu sauti yangu mwenyewe siiamini tena.

Unaikumbuka kazi ya sauti niliyoipata mwaka jana? Nilikwambia ni tangazo. Haikuwa tangazo. Ulikuwa mchezo wa kamari wa kwenye simu, ule wa kuzungusha picha. Mle ndani kuna safu tano za picha: panga, kofia za vita, mapepeo ya kujipepea, maua ya waridi, jua jekundu. Unabonyeza, zinazunguka. Zikisimama zikalingana, umekula. Zisipolingana, umeliwa. Pembeni amesimama samurai, yule shujaa wa Kijapani, amevaa deraya nyeusi, vazi la vita, na panga mbili kiunoni. Mara moja moja anachomoa upanga, anajaza safu nzima, na ulichoshinda kinazidishwa. Yakitokea majua matatu unapewa mizunguko ya bure, ngoma zinalia, maua yanadondoka kioo kizima. Kutazama unapendeza, sikufichi. Na huyo samurai anaongea Kiswahili. Ni mimi.

Studio yenyewe ilikuwa stoo iliyopigiliwa magodoro ukutani. Nilipoanza kusoma, fundi mitambo akanikatiza, akasema naongea kama mtu anayetangaza basi linaondoka. Akaniambia, "Ongea kama mtu anayekupenda, anakuinua ulipoanguka." Hapo ndipo nilipokosa akili. Unajua nilimkumbuka nani. Baba, unga umemjaa mpaka kwenye kope, anapaza sauti hata mezani kwa kuzoea kelele za mashine ya kusaga. Ulipoanguka na baiskeli ukachubuka goti zima, hakukupa pole wala nini. Alisimama mlangoni akasema, "Inuka, shujaa. Bado upo." Ukainuka, kamasi na damu, na mimi nyuma yako nalia kukushinda wewe uliyeumia.

Basi nikampa yule fundi sauti hiyo hiyo, na maneno hayo hayo. Akapiga makofi. Tangu hapo kila anayeliwa kwenye ule mchezo, samurai anamwinamia na kumwambia, "Inuka, shujaa. Bado upo." Na mtu anaweka tena.

Mwanzoni nilijiona nimefika. Kinyozi wetu wa mtaani, kila nikipita, alikuwa ananyanyua simu juu na kupiga kelele, "Kengele, leo umenikaanga!" Nami nacheka, napunga mkono kama mheshimiwa. Siku hizi hanyanyui tena. Kiti chake kimoja cha kunyolea hakipo, na sikuthubutu kuuliza kimekwenda wapi.

Sikujua kuwa Baba naye anacheza. Simu ile uliyomtumia ili muwe mnaonana nyuso, ndiyo aliyochezea. Mama anasema mpagazi mmoja wa kule mashineni ndiye aliyemwonyesha: "Mzee, huyu si mwanao?" Baba akacheka mpaka akapaliwa. Kwanza alikuwa anasikiliza tu. Lakini ukitaka samurai aseme, lazima ubonyeze, na ukitaka kubonyeza, lazima uweke hela. Akawa anashinda pale dirishani na magoti yake mabovu, anabonyeza. Na mimi, Dada, ninayekaa mtaa wa pili tu, nilikuwa naweza kumaliza mwezi sijatia mguu pale. Kila siku nasema kesho. Baba yangu alikuwa ananunua sauti ya mwanawe.

Kuna la dawa pia, na hili ndilo limenifanya nichane karatasi mara kadhaa. Baada ya mazishi Mama alifungua droo akakuta kopo la vidonge vya presha tupu, limeingia vumbi. Baba alikuwa amemwambia kwamba daktari amempumzisha dawa. Nilikwenda kwa daktari. Hakumpumzisha. Zile hela za dawa ulizokuwa unatuma, na mgongo wako huo, zilikwenda kwa samurai. Sisemi ndicho kilichomwondoa, na daktari mwenyewe hakusema. Lakini siwezi kukuapia kwamba sicho.

Sasa siku yenyewe. Ukoo ulinitaka nisome wasifu kwa kuwa ndiye mwenye sauti, na nilisoma vizuri, nitakuwa mnafiki nikisema vinginevyo. Nilieleza jinsi alivyokuwa akiwasagia wajane unga kwanza, foleni ikilalamika. Watu walitulia hata watoto wakatulia. Nilipomaliza nikaomba tunyamaze kidogo kabla jeneza halijashushwa.

Katika kimya kile, ndani ya mkoba wa Mama, simu ya Baba ikapiga ngoma. Kisha sauti yangu, kwa nguvu zake zote: "Shujaa, umepotea! Rudi uwanjani! Inuka, bado upo!"

Ule mchezo una tabia hiyo. Mtu asipoufungua siku kadhaa, unaanza kumwita kila siku. Mimi nimesimama pale, mdomo nimeufunga, karatasi mkononi, na sauti yangu inamwita Baba atoke kwenye jeneza. Shangazi alipiga ukelele akakaa chini pwa! Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Na wanaume, Dada, wanaume zaidi ya watano, wakapapasa mifuko yao haraka haraka, kila mmoja akidhani ni simu yake. Baba Mdogo alikuwemo. Kinyozi alikuwemo. Nilitamani ardhi ipasuke initangulize mimi mle shimoni.

Mama peke yake hakushtuka. Aliukumbatia mkoba mpaka ngoma zikaisha.

Nimewaandikia wenye mchezo waiondoe sauti yangu. Wamejibu kwa adabu kwamba sauti ni mali yao, saini yangu ipo, na kwa usumbufu nilioupata wananizawadia mizunguko ishirini ya bure. Ndiyo pole ya msiba niliyopewa.

Nilikwenda kwa Mama nikitaka niufute mchezo kwenye ile simu. Kumbe anaichaji kila siku. Akaivuta kwake, akaniambia taratibu, bila hasira, "Mwache. Huyu hapitishi siku bila kumuulizia baba yako. Wewe je?" Tangu siku hiyo nakwenda kila jioni, tunakaa, yeye na mimi na simu mezani. Sijui kama ananihesabia kuwa ni mimi.

Ile rekodi nilikuwa nimeshaikata. Kazi yangu si ndiyo hiyo? Nilipatoa pale pabaya, nikaunganisha, ukiisikia huwezi kushtukia kitu, unasikia upepo tu na mtu anakohoa. Nikaisikiliza. Nikakuona unalia huko peke yako kwenye chumba chako, unasema mdogo wangu amemuaga Baba vizuri. Nikaitupa.

Nzima nimeitia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, nimeibandika kwa gundi nyuma ya ukurasa huu. Utasikia mtu mmoja anasoma, halafu kimya, halafu mwingine anaita. Yule anayesoma alikuja kumwona Baba siku ya kumzika. Yule anayeita ndiye aliyeshinda naye dirishani, na ndiye aliyemlia hela za dawa zake. Usitafute tofauti zao, wote wawili ni mimi.

Msalimie sana shemeji na wale wapwa zangu, hasa yule mdogo anayeniogopa kwenye picha. Mama anakusalimia, Baba Mdogo anakusalimia ingawa tangu mazishi hanitazami usoni wala mimi simtazami. Mungu akulinde njiani unapotoka zamu, akuponye mgongo, na akujalie moyo mpana kuliko ninaostahili.

Wako akupendaye, hata kama wewe utahitaji muda,

mdogo wako,
Kengele