Soksi kwenye Shimo la Pampu

Jumamosi, 2 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na unisamehe, hii ni shikamoo ya mtu aliyeziba pua. Goti linaendeleaje? Bado wamelining'iniza kwenye kamba hapo hospitali, au wameshalishusha? Sisi wazima. Bibi anakula vizuri. Mimi ndiye nisiyekula tangu jana, na wa kulaumiwa ni hilo shimo lako la pampu.

Dereva wa gari la dawa ndiye mletaji wa barua hii. Ningepiga simu, ila ulishasema kwenye simu nadanganya haraka kuliko unavyosikiliza, kwa hiyo nimekaa chini naandika kama karani.

Sasa hebu niambie, kile ni kitu gani? Nimefunua kifuniko tu, uvundo ukanipanda puani ukahamia humo kama mpangaji. Juu ya maji kuna utando wa kijivu, ukiugusa na fimbo unatetemeka. Katikati yake mende kalala chali, amefura kama zabibu. Kuta za shimo zina ute mweusi unaoning'inia, kamasi tupu. Nikaona na nywele. Za nani sijui na sitaki kujua. Mimi mwenyewe, mshambuliaji namba tisa, mtu ninayeogopwa mtaa mzima, nilitoka nikatapika kwenye ndoo ya kufulia. Na wewe unaniambia kila Jumamosi nikalitazame. Kwani ni mchumba?

Jingine. Mama mkubwa alipita Alhamisi. Alisimama mlangoni kwa Bibi, akanusa, akasema hivi: tone moja la maji likiingia chumba hiki mvua hizi, namchukua mama yangu kwangu. Kwake ni ghorofa ya nne na lifti ilishakufa. Bibi na miguu ile, hapa kwenye chumba cha chini ana ngazi mbili tu mpaka uani, anaota jua, anagombana na majirani, anaishi. Akipandishwa kule ndiyo basi, jua atalionea dirishani. Bibi alimjibu, "Mimi na hiyo pampu tumezoeana, inakoroma kama marehemu baba yenu. Tuacheni."

Anasema nikuandikie upone upesi, huyu mtoto ni mdomo mtupu. Nimeandika kama alivyosema, ingawa si kweli.

Mpwa wako, Spika


Ijumaa, 8 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limeshushwa, linawasha ndani ya plasta ambako siwezi kulifikia. Madaktari wanasema miezi miwili zaidi. Msalimie mama, mwambie nakula.

Sikiliza. Nyumba ile imekaa chini ya mteremko. Maji ya mvua yanapita chini ya sakafu, yanakusanyika kwenye lile shimo la pembeni, pampu inayanyanyua na kuyatupa mtaroni. Pampu ikilala, maji yanatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni kitandani kwa mama yangu. Nimetengeneza pampu za watu miaka ishirini na sita. Hakuna hata moja niliyoikuta inanukia.

Fanya hivi. Zima umeme kwenye swichi kubwa juu, usitegemee kuchomoa waya peke yake. Inua pampu yote itoke shimoni. Safisha chujio, ndipo uchafu unapojishika. Angalia boya, lile dubwana jekundu linaloelea: linapanda na kushuka bila kugusa kitu? Likikwama, pampu haijui kama maji yamejaa. Chota tope la chini kwa kopo. Rudisha pampu, washa umeme, mimina ndoo mbili za maji safi. Isubiri iwake yenyewe na izime yenyewe. Ukimaliza andika tarehe ukutani kwa chaki, chini ya tarehe zangu. Kila Jumamosi, ndoo mbili, tarehe moja.

Na maji ya kupigia deki usimwage humo. Nakujua.

Mjomba wako


Jumamosi, 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini plasta imeacha kuwasha. Chukua sindano ya kufumia, pitisha taratibu, ila nesi asikuone. Bibi hajambo, leo kamtukana muuza maji mpaka jamaa kapunguza bei bila kuombwa.

Kazi imekwisha. Kama ungekuwepo ungelia kwa furaha. Umeme nilizima. Nikafunua, nikatoa chujio pale juu ya pampu, nikalipangusa kwa kitambaa mpaka likang'aa, unaweza kujitazama ukanyoa. Boya nimeliona, linaelea, halina neno. Tope nimechota. Ndoo mbili nimemimina, pampu ikawaka kama pikipiki mpya. Tarehe nimeandika kwa chaki, na kwa upande huo nataka ujue niko mbele kabisa ya ratiba.

Halafu nimefanya kitu ambacho wewe miaka ishirini na sita hukukifikiria. Kwenye kifuniko, pale waya na bomba vinapopita, kuna tundu, na uvundo wote unapandia hapo. Nimelishindilia soksi yangu ya kuchezea mpira, ile ya mistari. Kimya. Sasa chumba kinanuka soksi, lakini soksi naifahamu, ni ya kwetu. Lile jingine lilikuwa linanuka kama kitu kilichokufa kikafufuka kikafa tena. Bado nikikumbuka ule utando mate yananijaa mdomoni.

Bibi anauliza kwa nini kazi ya saa mbili nimeimaliza kwa dakika kumi. Nimemwambia ni kipaji.

Mpwa wako, fundi mkuu


Alhamisi, 21 Machi

Fundi mkuu,

Marahaba. Sindano imefanya kazi, ahsante.

Pampu ile chujio lake liko chini, tumboni. Hulioni wala huligusi mpaka uinue pampu yote. Juu pale pana mpini wa kubebea. Umepangusa mpini.

Kwa hiyo hukuinua kitu. Na kama hukuinua, hukuchota tope. Na sijui hizo ndoo mbili ulimmiminia nani.

Toa soksi hiyo leo. Kifuniko kinatikisika pampu inapowaka, itadondoka ndani. Huku mawingu yamekaa vibaya tangu juzi. Ingiza mkono, mwanangu. Kinyaa hakiui mtu.

Mjomba wako


Alhamisi, 28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakuomba usome ukiwa umekaa. Bibi ni mzima, hana hata kikohozi. Hilo nimelitanguliza.

Barua yako imenifikia jana. Daraja lilifunikwa, dereva akalala ng'ambo siku tatu. Ulichosema nikitoe kilikuwa kimeshatoka.

Mvua ilianza Jumamosi, haikunyamaza. Jumapili saa tisa mchana nilikuwa juu naangalia mpira. Bibi akagonga dari kwa fimbo, mara tatu. Unajua mara tatu ni chai. Nikasema ngoja kipindi kiishe. Akagonga tena tatu. Nikachemsha, nikatia sukari, nikashuka na kikombe. Ngazi ya mwisho mguu ukaingia kwenye maji mpaka muundini. Kandambili za Bibi zilikuwa zinazunguka chumba taratibu, moja nyuma ya nyingine, kama zinatafuta mlango. Yeye kakaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja, fimbo mkononi. Akanitazama, akatazama kikombe.

"Ina sukari?" akauliza.

Nikampa. Nikarudi mbio juu, nikazima swichi kubwa kama ulivyoandika. Hilo angalau nilikuwa nimelisoma kweli. Kisha nikashuka, nikapapasa kifuniko chini ya maji, nikakivuta.

Ngoja nikueleze, maana hakuna mwingine wa kumweleza. Niliingiza mkono mpaka begani, shavu langu likalala juu ya yale maji. Yana mafuta. Yana joto kidogo, na hilo joto ndilo baya kuliko vyote. Vidole vikapita kwenye ute, ukanishika, ukaachia, ukanishika tena kama una nia. Kitu laini kikapasuka kiganjani. Nikatapika pale pale, mjomba, humo humo, halafu ikabidi niendelee. Bibi anapiga funda la chai, ananielekeza: "Kushoto. Marehemu alikuwa anaanzia kushoto."

Nikalipata boya. Limezamishwa. Kuna kitu kimelizunguka, kimelifunga kwenye waya, kizito, kinateleza. Nikadhani ni panya. Nikavuta nimefumba macho. Nilipofumbua nilikuwa nimeshika soksi yangu. Mistari yake ilikuwa bado inaonekana.

Niliinua na pampu yote. Kweli, chujio liko chini. Lilikuwa limevaa nywele na tope mpaka haliitwi chujio. Nilikwangua kwa kijiko, na kijiko nimekitupa. Nilipoirudisha na kuwasha umeme ilikohoa, ikanguruma, ikaanza kuvuta. Kufika saa kumi na mbili jioni sakafu ilikuwa inaonekana.

Hapo ningeweza kukuandikia kwamba nimeokoa nyumba. Lakini Jumanne mama mkubwa alikuja. Alitazama godoro lililoanikwa uani, akatazama alama ya maji ukutani. Kisha akasogea kwenye tarehe za chaki. Akasoma moja moja kwa kidole. Akaniita.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita Machi, mama."

"Mbona hapa ni Mei?"

Ile siku ya kwanza, mjomba, niliandika Jumamosi zote mpaka mwisho wa Mei, nisilazimike kurudi tena kule. Nilibadilisha na mwandiko kidogo, zifanane na zako.

Alisema maji angeyasamehe, maji ni mvua. Tarehe hazisameheki. Wakaja wabebaji wawili, wakamweka Bibi kwenye kiti, wakampandisha gari. Hakugombana na mtu, nadhani ni mara ya kwanza. Aliniambia tu kikombe chake nisikiache na maji ndani.

Nimeoga mara saba. Mkono bado unanuka. Nala kwa kushoto.

Mpwa wako


Ijumaa, 5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili natafuta mahali uliposhinda. Sijapaona. Kwa hiyo naiamini, na ni ya kwanza.

Nimemwandikia dada yangu. Anasema atamrudisha mama kama mimi, fundi, nitaweka neno langu kwenye karatasi kwamba pampu inafanya kazi na kuna mtu anayeiangalia. Neno hilo siwezi kuliandika kwa ajili ya mtu aliyepangusa mpini.

Futa tarehe zote. Na zangu pia. Jumamosi nne, uanze upya. Kisha uniandikie jambo moja ambalo sijakufundisha na hulikuti kwenye barua yoyote: pampu ile ikishazima, baada ya kuzima, inafanya nini. Aliyesimama pale analijua. Wa kwenye mpira halijui.

Goti limeanza kukunjika.

Mjomba wako


Jumamosi, 27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi kwa goti.

Tarehe 6, tarehe 13, tarehe 20, na leo. Kila mara nimeinua, nimesafisha, nimemimina ndoo mbili, nimeandika tarehe moja. Sijazoea. Walioniambia nitazoea wananidanganya. Leo kulikuwa na mnyoo mweupe kwenye chujio, nilipiga kelele jirani akachungulia.

Ulichouliza ni hiki. Inazima, kuna kimya kama cha kuhesabu moja. Halafu bomba linapiga ko, mara moja tu, kama mtu kafunga mlango wa kabati. Halafu maji yaliyobaki chini yake yanarudi shimoni, yanameza funda mbili. Ya pili ni ndogo. Baada ya hapo shimo linatoa pumzi, na hiyo pumzi, mjomba, hata adui simwombei. Boya linatikisika mara moja ndiyo linatulia.

Jumamosi ya pili ile ko haikupiga vizuri, ilikuwa kama mtu mwenye kigugumizi. Nilifungua pale kwenye bomba, nikakuta kijiwe na nywele vimekaa kwenye kile kidude kinachozuia maji yasirudi. Nilivitoa kwa kucha. Sikuuliza mtu. Wiki iliyofuata ikapiga vizuri.

Chini kumekauka. Pamekuwa kimya sana.

Mpwa wako


Ijumaa, 3 Mei

Mpwa wangu,

Kile kidude kinaitwa vali. Mwanafunzi wangu wa mwisho alichukua miaka miwili kuisikia ikipata kigugumizi.

Karatasi imekwenda kwa dada yangu kwa dereva huyu huyu. Kuna sahihi yangu. Usiniaibishe.

Kucha usiweke mdomoni.

Mjomba wako


Jumamosi, 11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi yako ilisomwa kwa sauti mbele yangu, na mama mkubwa akaikunja akaitia kwenye mkoba bila kunitazama. Bibi ameshushwa jana kwenye kiti kile kile, wabebaji wale wale, safari hii aliwatukana ghorofa zote nne. Amesema kule juu hakulala hata siku moja, hakuna kinachokoroma. Ameingia chumbani, amenusa, akauliza nani kaiba harufu yake.

Niliinua mkono akaunusa. Akaridhika.

Ndoo mbili za leo nimeshamimina. Ko imepiga. Nilikuwa nataka kukueleza kwa kirefu jinsi mtaa mzima sasa wananiita fundi, wengine wananiletea masinki yao, na jinsi ninavyowakataa kwa dharau, lakini fimbo inagonga dari sasa hivi. Mara tatu.

Nakwenda kutazama shimo kwanza. Chai baadaye.

Mpwa wako