Presha ya bibi wa nyonga

Shoga, uko? Niko chumba cha upasuaji, mgonjwa mmoja katolewa sasa hivi.

Bibi mmoja kavunjika nyonga. Kabla sijamchoma sindano ya ganzi mgongoni, nikamwambia daktari wa upasuaji asubiri kidogo niandae dripu ya dawa ya kushikilia presha, maana ganzi hiyo huwashusha wazee presha ghafla.

Akanijibu, "Presha yake iko juu, wewe unataka kuipandisha tena? Choma tuendelee."

Nikachoma. Mimi, na akili zangu timamu.

Hata hajaguswa na kisu, bibi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona mnazima taa?"

Taa zilikuwa zinawaka, shoga. Zote.

Presha ikawa haisomeki. Nikavuta ile dawa ya presha mbio mbio nikamsukumia mshipani, nikasema mwinueni miguu. Akarudi, akauliza kama tumemaliza.

Na yule bwana anasema nini? "Si unaona, yuko sawa."

Eti yuko sawa.

Sasa analetwa mzee mwingine. Dripu nimeshaitundika. Bwana kachungulia mlangoni, anasema namchelewesha. Nimemwambia akae, sindano ninayo mimi.