Harage Jekundu la Alhamisi Kuu

Jumapili, 11 Aprili 1976. Dominika ya Matawi

Mimi Flavian nilizaliwa na bahati. Wengine walizaliwa na kitovu tu! Leo kigango kizima kimeshuhudia. Baada ya ibada wanaume tulipanga mstari, kila mmoja akatumbukiza mkono kwenye chungu cha katekista Fransisko. Ndani maharage meupe tele, mekundu kumi na mawili tu. Atakayetoa jekundu ataoshwa miguu Alhamisi Kuu, kama mitume. Nikatumbukiza. Nikatoa. Jekundu! Jekundu kama kilemba cha jogoo!

Kina mama wakapiga vigelegele. Nikawaambia, mnaiona miguu hii? Imekanyaga Kitwe, imekanyaga Mbeya, imening'inia nyuma ya lori la Kasesya wakati ninyi mnafukuza ndege kwenye ulezi. Sasa imepanda cheo. Fransisko akasema nipunguze mdomo, hapa si kilabuni.

Hii kura ni ya mwaka huu. Mwaka jana Fransisko alichagua mashemeji zake, watu nusura wachapane kwa matawi ya Bwana. Na Padre naye, kabla ya kura, ameleta jambo lake jipya. Kasema, mmesombwa hapa kutoka vilima tofauti, mnagombana hadi zamu ya kisima, basi mimi sitawaosha wote. Nitamwosha wa kwanza. Wa kwanza atamwosha wa pili. Hivyo hivyo mpaka wa mwisho, kwa kufuata mstari wa kura.

Aliyetoa jekundu mbele yangu ni Clemens. Clemens yule wa mgambo.

Kwa hiyo Clemens atapiga magoti mbele yangu. Bahati gani hii!

Jumatatu, 12 Aprili

Hilaria kanisugua miguu kwa jiwe, ati Padre asije akaona ramani ya Afrika kwenye visigino. Nikamwambia wala si Padre, ni Clemens. Jiwe likasimama.

– Ulitaka iwe hivyo?

– Harage halina macho, mama Cornelia.

Bado namwita mama Cornelia. Hatujapata mwingine wa kumbadilisha jina.

Naandika mara moja, sirudii. Julai ya sabini na nne, Operesheni ya vijiji. Mimi nilikuwa Kasesya mpakani, tanboi wa lori, nakula kuku. Clemens alikuja na wenzake kuhamisha watu. Hilaria akamwomba: leo tu, mtoto kifua kimembana, kesho tutatoka wenyewe. Clemens akasema amri ni amri. Akawasha nyasi za paa. Wakaja kulala huku, kwenye kiwanja kilichokuwa na kigingi tu, na baridi ya Ufipa ya Julai haijui mtoto wala mkubwa. Nilipofika Cornelia alikuwa ameshazikwa. Nilimletea kofia ya sufu.

Tangu siku hiyo Clemens hajaniambia neno. Nasi ni majirani! Ananipita na baiskeli ina pancha, anaisukuma hadi kijiji cha pili ili asiniletee mimi fundi niizibe.

Basi Alhamisi atainama. Atashika mguu wangu, watu wote wakiangalia. Nitauvuta. Nitalipiga teke beseni, maji yammwagikie kifuani. Sitaki kingine. Baada ya hapo Mungu atajua mwenyewe.

Jumanne, 13 Aprili

Mambo yameharibika.

Tuliitwa kanisani kufanya mazoezi ya kukaa. Fransisko akatuhesabu kwenye mabenchi. Akarudia, anatugusa vichwa kama ndama. Kumi na watatu! Akauliza, huyu wa kumi na tatu ametoka wapi, Yuda kafufuka kabla ya Bwana? Watu wakasema yaletwe maharage yahesabiwe. Fransisko akajikuna. Mkewe Epifania alikwisha kuyapika siku ile ile ya Jumapili, meupe kwa mekundu, wakala na ugali.

Nilicheka mpaka machozi.

Mzee Evaristi ndiye aliyesema. Kasema aliyezoea kuingia nyumba za watu bila hodi ndiye huyo huyo anayeingia kwa mitume bila kura. Hakutaja jina. Watu wote wakageuka kumtazama Clemens.

Clemens akanitazama mimi. Mimi nikatazama paa. Paa zuri, miti imenyooka.

Nilijua atabisha. Mwanamgambo lazima abishe! Hakubisha. Akainuka, akaokota katambuga zake za tairi chini ya benchi, akasema, nitoeni mimi. Akatoka peku. Mtu mmoja akatema mate nyuma yake.

Sasa atakayeniosha ni mzee Evaristi, alikuwa mbele ya Clemens kwenye mstari. Evaristi nimfanye nini mimi? Sina neno na Evaristi.

Jumatano, 14 Aprili

Asubuhi nasikia makofi ya heshima mlangoni, ya polepole, makofi ya mtu wa msibani. Nafungua – Clemens, amechuchumaa.

– Hodi, baba Cornelia.

Damu ilinipanda. Kijiji hiki hakuna anayethubutu kuniita hivyo, na huyu ndiye aanze!

Nikamwambia kama ana pancha aende alikozoea. Akasema hana pancha. Akasema, kwa sauti ya chini, Hilaria asisikie, kwamba Jumapili alikuwa bado amesimama kando ya chungu. Ati aliona mkono wangu. Ati ulitoka, ukaingia mfukoni, ukarudi.

Mwongo! Macho yake yana moshi bado. Na nimemwambia hivyo.

Hakukasirika. Akasema: Sikuja kukushtaki. Nilipotoa jekundu, nikijua nyuma yangu ni wewe, niliomba nawe utoe, nipate pa kushika miguu yako, maana mdomo umenishinda. Kisha nikakuona. Nikajua hutaki kuoshwa, unataka kunivunja. Sawa. Lile la Julai siwezi kulirudisha. Hili la maharage niachie nilibebe.

Nikamfukuza. Nilisema maneno ambayo hata tanboi mwenzangu angeziba masikio. Akaondoka anapiga makofi yale yale.

Anibebee? Nani kamwomba? Miaka miwili nimemngoja mtu huyu ainame. Sasa ameinama mahali ambapo mguu wangu haufiki! Ameniibia. Alinichomea nyumba, sasa amenichukulia na hasira yangu. Ee Mungu, ilikuwa kitu pekee kilichobaki kutoka kwenye ile nyumba.

Mchana Padre alifika na pikipiki, akakaa kuungamisha. Nilijipanga. Mabibi vikongwe mbele yangu – hivi vikongwe wanaungama nini, wameiba ugoro? Alipobaki mmoja, miguu hii hii ya Kitwe ikageukia mlangoni. Nikasema kwa sauti, jamani kuna mtu nilimwahidi kumzibia pancha. Nikatoka. Hakuna mtu niliyemwahidi.

Sijala.

Alhamisi, 15 Aprili. Alhamisi Kuu

Evaristi na wazee wamekwenda kwa Padre. Wanataka Clemens asipokee Komunyo Pasaka hii, ameichezea siku ya Bwana. Fransisko kapita hapa akaniambia, anafurahi kabisa: Padre amewakubalia, atatangaza leo jioni mbele ya watu wote, kabla ya beseni. Isipokuwa kama yupo mwenye neno lingine, kasema Padre, aseme kabla.

Mwenye neno lingine.

Nikamwambia Fransisko, hata Petro alimkana Bwana na akapewa ufunguo, Clemens mnamnyima hata mlango? Akacheka. Kasema, Flavian bwana, kwa utani hujambo.

Hilo ndilo tatizo. Nikisimama mle ndani niseme, watacheka. Mdomo huu nimeuchezea miaka yote, leo nautaka useme neno moja la kweli, nani ataupokea?

Hilaria amefua shati langu la Jumapili. Kaingia, mikono ina povu bado, akaweka harage alilolikuta mfukoni mezani hapa, karibu na daftari. Jeupe. Sisi shambani kwetu hatupandi meupe.

Nilianza kutunga kitu. Akanikatiza.

– Clemens nilimsamehe mwaka jana, kisimani. Alinitwisha ndoo, akalia kama mtoto. Nikamwambia, basi. Sikukwambia kwa sababu ungetia mzaha.

Nikauliza, ulimsamehe bila mimi? Mtoto ni wangu pia!

– Ni wako. Siku ile hukuwepo.

Akafuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kwa kidole.

– Ninayemngoja ni wewe, Flavian. Yeye aliniomba. Wewe ulikuja na kofia, ukawachekesha waombolezaji, ukarudi kwenye lori. Hujaniomba mpaka leo.

Ametoka. Yuko uani anaanika shati. Namwona kivuli. Natakiwa niinuke niende pale, ni hatua chache, na kiti kimenishika.

Wanagonga rimu ya lori, kengele yetu. Mara ya kwanza. Watu wanapita na nguo za sikukuu. Kwa dirisha namwona Clemens amekaa kwenye jiwe nje ya kanisa, katambuga mkononi, miguu ameiosha. Ameiosha, na anajua hataingia! Anasubiri tu kusikia jina lake likisomwa.

Miguu yangu nayo safi, Hilaria kaisugua tena jana bila kusema kitu. Sijawahi kuwa msafi hivi chini na mchafu hivi juu.

Rimu tena. Hilaria kasimama mlangoni na shati bichi. Anauliza kama nitalivaa hivyo hivyo.

Bahati sina. Jekundu lilitoka mfukoni mwangu. Kwenye chungu nilitoa jeupe.